Karo ya Chuo Minnesota: Mwongozo kwa Mzazi Mkaazi

Miaka michache iliyopita, mwezi wa Aprili, mama mmoja alikuja mezani petu katika ukumbi wa kanisa hapa Brooklyn Park, ambapo Jumamosi huwa tunawasaidia wazazi kujaza fomu. Alikuwa ameshika barua ya chuo cha jimbo jingine. Bintiye amekubaliwa, na barua inasema amepata msaada wa zaidi ya dola 30,000 kwa mwaka. Tulichukua kalamu tukapitia mstari kwa mstari. Katika huo "msaada", dola 24,000 zilikuwa mkopo uitwao Parent PLUS, deni la mama mwenyewe, kwa jina lake, na mwaka wa pili lingekuja jingine kama hilo. Yeye ni msaidizi wa wauguzi, shifti ya usiku. Aliikunja barua polepole akaniuliza, "Kwa hiyo hakuna walichonipa?"

Binti yule angeweza kusoma hapa hapa Minnesota bila karo. Lakini ilikuwa Aprili, na mambo mengi ya chuo huamuliwa miaka miwili kabla ya Aprili hiyo. Ndiyo maana nauandika mwongozo huu kwa wazazi wenzangu, Wakenya, Wakongo, Watanzania na wengine tunaoelewana kwa Kiswahili katika jimbo hili. Kama uko Iowa, Kentucky au Texas, mambo ya serikali kuu ni yale yale. Ya jimbo, uliza kwenu yanaitwaje.

Hatua ya 1: Hakikisha mtoto anahesabiwa kuwa mkaazi

Katika University of Minnesota, kampasi ya Twin Cities, mkaazi wa jimbo hulipa karo ya zaidi ya dola 15,000 kwa mwaka. Asiye mkaazi hulipa zaidi ya 35,000. Darasa ni lile lile na mwalimu ni yule yule. Tofauti hiyo wewe umeshailipia kwa kodi unayokatwa kila wiki mbili, kwa hiyo usiitupe.

Kwa kawaida mtu huwa mkaazi akiwa ameishi Minnesota miezi 12 kwa sababu nyingine isiyo masomo, au akiwa amemaliza hai skuli hapa huku akiishi hapa. Mkimbizi au aliyepewa hifadhi, ambaye alipoingia Marekani alifikia Minnesota na hajahama, anatambuliwa pia katika misaada ya jimbo. Mpwa wako aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi hayumo katika hesabu hii, hata kama analala kwako.

Halafu kuna suala la makaratasi. Msaada wa serikali kuu wanaupata raia, wenye grini kadi, wakimbizi na waliokwisha kupewa hifadhi, pamoja na makundi mengine machache. Anayesubiri uamuzi wa hifadhi haupati, wala mwenye TPS peke yake, yaani ruhusa ya muda ya kukaa kwa watu wa nchi zenye machafuko. Lakini mtoto asiyestahili FAFSA, yaani fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, anaweza kujaza fomu ya jimbo iitwayo MN Dream Act, ikiwa amesoma hai skuli ya Minnesota angalau miaka 3 na kumaliza hapa. Sheria hiyo ni ya mwaka 2013.

Na kama mtoto ni raia lakini mzazi hana makaratasi? Mtoto ana haki yake kamili. Mzazi asiye na namba ya Social Security anaweza kufungua akaunti na kutia sahihi sehemu yake. Hata hivyo, taarifa hizo zinakwenda serikali kuu, na hofu ya wazazi naielewa. Ongea na wakili wa uhamiaji kwanza, si na jirani.

Hatua ya 2: Mtoto akiwa darasa la 10, angalia mapato yako

Hapa ndipo wengi wetu tunapoteza, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Fomu ya FAFSA haiangalii mapato ya mwaka huu, inaangalia ya miaka miwili nyuma. Mtoto atakayeanza chuo Septemba 2028 atapimwa kwa kodi yako ya mwaka 2026, yaani kuanzia Januari akiwa darasa la 10 hadi Desemba akiwa darasa la 11. Wakati huo hakuna anayewaza chuo. Unachukua ovataimu zote, kwa sababu kuna mgonjwa nyumbani au ujenzi Kisii haujaisha.

Sasa sikia kuhusu North Star Promise. Kuanzia masomo ya msimu wa Septemba 2024, mkaazi wa Minnesota ambaye mapato ya familia yake ni chini ya dola 80,000 hulipiwa karo na ada zote zinazobaki baada ya ruzuku nyingine kuhesabiwa. Inatumika katika vyuo vya umma tu, yaani kampasi tano za University of Minnesota, vyuo vyote vya mfumo wa Minnesota State, na vyuo vya makabila ya wenyeji asilia. Si mkopo. Inafika kredi (vipimo vya masomo ya chuo) 60 kwa cheti au shahada ya miaka miwili, na 120 kwa shahada ya miaka minne. Mwanafunzi hahitaji kusoma muda wote, hata kredi moja inatosha, mradi matokeo yake yaridhishe na asiwe tayari na shahada ya kwanza. Ndiyo, mzazi, hata wewe unaweza kuingia.

Hizo dola 80,000 si mshahara wako wote, wala si kile kinachoingia benki. Ni kiasi kiitwacho AGI, kilichoandikwa mstari wa 11 wa fomu ya kodi 1040. Fedha unazoweka katika akiba ya uzeeni kazini, 401(k) au 403(b) ya kawaida, hukatwa kabla ya kufika mstari huo. Chukua familia yenye mishahara ya jumla dola 84,000. Wakiweka dola 5,000 katika 403(b) mwaka ule unaohesabiwa, mstari wa 11 utasoma 79,000. Pesa bado ni zao, ziko katika akaunti yao ya uzeeni, na mtoto ameingia chini ya kile kiwango. Wakiacha, wamekosa karo ya mwaka mzima kwa sababu ya dola elfu chache. Nimeona familia iliyopitiliza kwa chini ya dola 900. Shifti tatu za sikukuu.

Kwa hiyo mwaka ule, kila mwisho wa robo mwaka, chukua hati zenu za mishahara, za baba na za mama, mjumlishe. Ikifika Oktoba mnajua mko wapi, na bado kuna muda wa kumwambia mtu wa ofisi ya wafanyakazi aongeze makato ya uzeeni.

Wenye watoto wadogo wana muda wa kuweka akiba ya masomo katika mpango wa jimbo uitwao 529, ambao pia unapunguza kodi ya Minnesota. Lakini kama una deni la kadi ya benki, lipa hilo kwanza.

Hatua ya 3: PSEO, chuo kabla ya chuo

Tangu mwaka 1985 Minnesota ina mpango unaoitwa PSEO. Mwanafunzi wa darasa la 11 au 12 anasoma masomo ya chuo kweli, kwenye kampasi au mtandaoni, na jimbo linalipia karo, ada na vitabu. Wa darasa la 10 wanaweza kuanza na somo la ufundi. Wako vijana wanaovaa joho la hai skuli mwezi Juni wakiwa tayari na shahada ya miaka miwili mkononi.

Wazazi wetu wengi hawaambiwi. Usingoje barua. Mwezi Februari mtoto akiwa darasa la 10, nenda kwa kaunsela wa shule ukamwambie unataka PSEO. Shule inapaswa kujulishwa kufikia Mei 30 kwa masomo ya mwaka unaofuata, na vyuo vina tarehe zao, nyingine ni mapema zaidi. North Hennepin Community College iko papa hapa Brooklyn Park, na kwa anayetaka ufundi, Hennepin Technical College nayo ina kampasi mjini humu.

Onyo moja, tena kubwa. Alama za PSEO zinakaa katika rekodi ya chuo maisha yote. Mtoto akifeli masomo mawili akiwa na miaka 16, ataingia chuo rasmi akiwa tayari na doa, na msaada wake unaweza kutiliwa shaka kwa ajili ya doa hilo. Kijana anayehitaji kusukumwa kuamka asubuhi, mwanzishe na somo moja, si manne.

Hatua ya 4: Orodha ya vyuo

Minnesota State ina vyuo 33 katika jimbo: 26 vya miaka miwili na ufundi, na vyuo vikuu 7, kama Metro State, Mankato, St. Cloud na Winona. Najua aibu iliyopo. Mwenzako anataja chuo chenye jina kubwa huko Boston na wewe unasema mwanao yuko chuo cha miaka miwili. Nimekaa katika sherehe hizo. Lakini jimbo lina kapu la masomo ya msingi linaloitwa Minnesota Transfer Curriculum, kredi 40, na aliyelikamilisha chuo cha miaka miwili anahama nalo zima kwenda vyuo vikuu vya Minnesota State au University of Minnesota. Cheti cha mwisho hakiandiki alianzia wapi. Kinachomuumiza mwanafunzi ni kusoma masomo nje ya kapu hilo bila kumuuliza mshauri.

Kwa wale wa uuguzi, na tuko wengi: kukubaliwa chuoni si kukubaliwa katika programu ya uuguzi. Uliza mapema ni nafasi ngapi, ni alama gani, na kama chuo cha binafsi cha kutafuta faida kinachokupigia simu kila siku kina kredi zitakazopokelewa kwingine. Wakishindwa kukujibu hilo kwa maandishi, ondoka.

Hai skuli nyingi za hapa zina mpango wa Direct Admissions. Mtoto wa darasa la 12 hupewa orodha ya vyuo ambavyo tayari viko tayari kumpokea kwa alama alizonazo. Na mwezi Oktoba vyuo vingi vya jimbo huondoa ada ya maombi, basi omba Oktoba. Minnesota pia ina makubaliano ya karo na Wisconsin, North Dakota na South Dakota, kwa hiyo Fargo au Madison si lazima ziwe bei ya mgeni. Ila North Star Promise haivuki mpaka.

Hatua ya 5: FAFSA, na maswali yanayotutatiza sisi

FAFSA ni bure, kwenye studentaid.gov. Mtu akikutoza hata dola 50, hata kama ni ndugu katika imani, mkatae. Hufunguliwa Oktoba kwa masomo ya mwaka unaofuata. Mtoto anafungua akaunti yake, mzazi yake, kila mmoja na barua pepe yake mwenyewe. Fungueni wiki moja kabla, kwa sababu uthibitisho wa majina unaweza kuchelewa. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kadi ya Social Security, hata kama huko yalikosewa. Kisha kila anayetakiwa lazima akubali taarifa zake za kodi zichukuliwe moja kwa moja. Asipokubali, mtoto hapati msaada wa serikali kuu.

Wazazi wakiwa wameoana, wote wawili wanahesabiwa, hata kama baba bado yuko Nakuru au Bukavu. Mapato yake yanageuzwa kuwa dola na kuandikwa kwa mkono. Wakiwa wametengana, anayejaza ni yule aliyetoa fedha nyingi zaidi za kumtunza mtoto katika miezi 12 iliyopita, na kama ameoa au ameolewa tena, mwenzi wake mpya anaingia katika hesabu.

Sasa swali ambalo kwetu haliishi: mtoto analelewa na shangazi au mjomba. Kwetu shangazi ni mzazi. Kwa FAFSA si mzazi, isipokuwa amemwasili kisheria, na kipato chake kisiandikwe. Barua ya chifu haitoshi, wala makubaliano ya kikao cha ukoo. Kinachotambulika ni amri ya mahakama ya jimbo anamoishi mtoto, inayompa mtu ulezi. Mtoto mwenye amri hiyo, au aliyekuwa yatima wa baba na mama wakati wowote tangu alipofikisha miaka 13, anajaza peke yake bila mzazi, na mara nyingi anapata msaada mwingi zaidi. Kama una mpwa wa miaka 15 nyumbani, uliza habari za mahakama mwaka huu, kwa sababu akishafika miaka 18 mlango huo umefungwa.

Kijana aliyekuja kama mkimbizi na kutengana na wazazi wake, au hajui waliko, ana njia nyingine. Katika fomu kuna swali la hali zisizo za kawaida. Ajibu ndiyo, kisha chuo kitaomba maelezo na barua, labda ya shirika lililompokea. Nimewaona vijana wa Kongo waliokaa bure mwaka mzima kwa kudhani bila sahihi ya baba hakuna FAFSA.

Kiwanja cha Kitengela kinahesabiwa. Nyumba unayoishi haihesabiwi, lakini ardhi au nyumba ya kupangisha, popote duniani, ni mali, na huandikwa thamani yake baada ya kutoa deni. Hata hivyo, familia yenye AGI chini ya dola 60,000 na kodi isiyo na viambatisho vingi kwa kawaida haiulizwi mali. Ukiulizwa, sema kweli.

Na pesa unazotuma nyumbani kila mwezi? FAFSA haizioni. Karo ya mdogo wako, dawa za mama, mchango wa mazishi, hakuna kisanduku cha hayo. Mtu anayepata dola 70,000 na kutuma 12,000 anapimwa kama mwenye 70,000. Inauma, na hiyo ni sababu nyingine ya kuhesabu mapema.

Wenye mapacha au watoto waliofuatana: tangu masomo ya 2024–25, kuwa na watoto wawili chuoni kwa wakati mmoja hakupunguzi tena kiasi FAFSA inachodhani unaweza kulipa.

Mwisho wa fomu unapata namba iitwayo SAI, kipimo cha kiasi FAFSA inachodhani familia inaweza kulipa. Inaweza kushuka hadi hasi 1,500, na kadiri inavyoshuka ndivyo msaada unavyopanda. Ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi, imefika dola 7,395 kwa mwaka kwa anayestahili yote. Chuo kikikuita kwa uhakiki, jibu wiki hiyo hiyo. Fedha hazingojei.

Hatua ya 6: Barua ikija

Chukua karatasi, chora safu tatu. Ya kwanza, usichorudisha: Pell, ruzuku ya jimbo, North Star Promise, skolashipu. Ya pili, cha kufanyia kazi: ajira ya chuoni, ambayo hulipwa kwa saa na haipunguzi bili siku ya kwanza. Ya tatu, mikopo. Toa safu ya kwanza peke yake kutoka gharama yote ya mwaka. Kinachobaki ndicho bei yako. Fanya hivyo kwa kila chuo, kisha mweke mtoto chini mwangalie pamoja. Watoto wetu wakioneshwa namba wanaelewa kuliko tunavyodhani. Wanachokosa ni kuoneshwa.

Kumbuka North Star Promise inalipa karo na ada tu. Chumba, chakula, vitabu na basi ni juu yako, na ndiyo maana mtoto anayelala nyumbani na kusoma karibu anaweza kumaliza bila deni kabisa.

Ikibidi kukopa, anza na mkopo wa serikali kuu kwa jina la mwanafunzi. Mwaka wa kwanza ni mpaka dola 5,500, na mpaka 3,500 kati ya hizo zinaweza kuwa za aina isiyoongezeka riba akiwa masomoni. Riba kwa mikopo ya 2025–26 ni asilimia 6.39. Parent PLUS mwaka huo ni asilimia 8.94, na wanakata zaidi ya asilimia 4 kabla hata hazijafika chuoni. Kwa wakopaji wapya, kuanzia Julai 1, 2026, sheria inaweka kikomo cha dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa mtoto mmoja. Hicho ni kikomo cha sheria, si ushauri. Ukiomba PLUS ukakataliwa kwa sababu ya rekodi ya mikopo, usilie. Mtoto anaweza kuongezewa mkopo wake mwenyewe, dola 4,000 zaidi katika mwaka wa kwanza. Wala usitafute shemeji wa kukudhamini. Undugu mwingi umevunjika hapo.

Hatua ya 7: Hali ikibadilika, na kila mwaka baada ya hapo

Ukipoteza kazi, ukiugua au mkitengana baada ya mwaka ule uliohesabiwa, andikia ofisi ya msaada wa kifedha ya chuo uombe wapitie upya. Weka barua ya mwajiri na bili za hospitali. Wana mamlaka ya kisheria ya kubadilisha namba, na hawawezi kufanya hivyo kama hujaomba.

FAFSA inajazwa upya kila mwaka. Wengi hujaza ya kwanza kwa bidii, kisha ya pili ikasahaulika, na mtoto akajikuta na bili Agosti.

Kisha kodi. Kufikia mwisho wa Januari chuo hutoa hati ya malipo ya karo iitwayo 1098-T, mara nyingi ndani ya akaunti ya mwanafunzi mtandaoni, si kwa posta. Mpe anayekujazia kodi hati hiyo pamoja na risiti za vitabu, umwambie ajaze fomu 8863, ya kuomba nafuu ya kodi kwa gharama za masomo. Nafuu hiyo inafika dola 2,500 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kwa miaka minne, na hadi 1,000 inaweza kurudishwa kwako hata kama hudaiwi kodi. Ambaye karo yake yote ililipwa na ruzuku bado anaweza kuwa na vitabu alivyonunua kwa fedha yake, na hivyo vinahesabiwa. Basi risiti za vitabu ziwekeni tangu Septemba, kwenye bahasha moja, jikoni, mahali ambapo kila mtu anazipita.